Nani Anashika Bakuli? Historia fupi ya chaki, kutoka Misri mpaka Kakiika

Zamu ya kuandika wiki hii ni ya sisi wa kikundi cha mbao. Wengi mmetuuliza: ile pesa tuliyochanga ya kununua chaki, iko wapi? Swali ni la haki. Tutajibu mpaka shilingi ya mwisho, lakini jibu letu linapita kwenye historia, kwa hiyo mtuvumilie kidogo.

Kwanza jina. Chaki tunayosema si ile ya mwalimu ya kuandika ubaoni. Ni kishikio cha chuma kinachofungwa kwenye shafti ya mashini ya kukereza. Kinabana kipande cha mti, mashini inakizungusha, na fundi anakichonga kwa patasi mpaka kinakuwa bakuli. Mashini yenyewe ina jina lake la Kiswahili tangu zamani: kerezo, wengine husema keezo. Neno kereza limo katika kamusi ya Frederick Johnson ya mwaka 1939, na kazi yenyewe ilikuwa pwani kabla ya kamusi. Kule Pate na Lamu mafundi walikereza miguu ya vitanda na kuipaka rangi nyekundu, nyeusi na njano.

Sasa angalieni tofauti. Mguu wa kitanda una ncha mbili. Unaubana huku na huku, unazunguka katikati, kazi inaendelea. Lakini bakuli lina mdomo. Ndani lazima liwe tupu, na mahali unapochimba huwezi kuweka kishikio. Lazima lishikwe upande mmoja tu, kutoka nyuma, na mkono wa chuma ambao hauachii. Historia yote ya chaki ni watu wanaojibu swali hilo moja: nani anashika bakuli wakati fundi anachimba?

Picha ya zamani inayojulikana sana ya kerezo iko Misri, katika kaburi la Petosiris, karibu miaka 300 kabla ya Kristo. Watu wawili wanafanya kazi. Mmoja anavuta kamba kwenda na kurudi ili mti uzunguke, mwingine anashika patasi. Hakuna moto wa umeme, hakuna injini. Mikono minne tu.

Baadaye, kule Ulaya, fundi alijifunza kufanya kazi peke yake kwa mguu. Alifunga kamba kwenye mti mrefu unaopinda juu ya kichwa chake, akaizungusha kwenye kipande cha kazi, akaishusha mpaka kwenye ubao wa kukanyaga. Akikanyaga, mti unazunguka mbele. Akiachia, unarudi nyuma. Na bakuli je? Alilibana kwenye ncha mbili kama mguu wa kitanda, akachimba kuzunguka katikati, akaacha kisiki kidogo ndani. Mwisho alivunja kile kisiki. Katika mji wa York, Uingereza, wachimbaji wa mambo ya kale walikuta visiki vya namna hiyo katika mtaa wa Coppergate, vya zaidi ya miaka elfu moja iliyopita. Jina la mtaa huo maana yake ni mtaa wa watengeneza vikombe. Yaani visiki tu, takataka za karakana, ndizo zinatuambia watu wale walifanya kazi gani.

Fundi mmoja wa mwisho wa njia hiyo Uingereza aliitwa George Lailey, wa kijiji cha Bucklebury. Alitoa bakuli ndani ya bakuli kutoka kipande kimoja cha mti, kwa mguu wake na patasi zilizopindwa. Alikufa mwaka 1958. Tuliposoma tarehe hiyo tuliangaliana. Ndio mwaka uleule Nakivale ilipoanza kupokea wakimbizi, kabla ya kutambuliwa rasmi mwaka 1960. Hayahusiani, tunajua. Lakini sisi ambao wazazi wetu walikuja hapa bila vyombo, hatukuweza kuipita hiyo tarehe haraka.

Na hapa Ankole? Hapa hapakuhitajika kerezo. Mkienda makumbusho ya Igongo kule Biharwe mtaona ebyanzi, vyombo vya maziwa vya mti. Wanyarwanda kati yetu wanavijua kama icyansi, na kuna inkongoro pia. Kimoja kimechongwa kutoka kipande kimoja, kwa tezo na visu virefu vya ncha iliyopinda. Mdomo ni mwembamba, tumbo ni pana, na ukitazama unaweza kuapa kuwa mashini imepita. Haikupita. Aliyeshika chombo ni fundi mwenyewe. Kwa hiyo mtu asituambie kwamba bila chaki ya dukani hakuna bakuli zuri. Chaki inatupa haraka na usawa. Ustadi hautoki humo.

Chaki ya taya ilitoka kwa watu wa chuma. Mwaka 1840 Simon Fairman wa Connecticut, Marekani, alipata hataza ya chaki yenye bamba ndani lenye mfereji uliojikunja kama gamba la konokono. Ukizungusha lile bamba, taya zote zinakuja katikati pamoja, na kipande kinakaa sawa chenyewe. Kwa chuma ilikuwa raha. Wakerezaji wa mbao wao waliendelea sana na bamba la skurubu, au parafujo moja katikati, au kulazimisha bakuli ndani ya kipande kingine cha mti kilichochimbwa kwa kipimo chake. Ni mwishoni mwa miaka ya 1980 tu ndipo chaki za taya nne zilizotengenezwa kwa ajili ya mbao zilianza kuenea, kama ile Nova ya kampuni ya Teknatool ya New Zealand. Leo video zote za kwenye simu zinaonyesha hizo. Ndiyo maana sisi pia tulidhani bila hiyo hakuna kuanza.

Sasa tuseme kilichotupata. Tulipopata nafasi ya kutumia mashini ndogo ya mtumba huku Kakiika, bei ya chaki ya taya nne pamoja na usafiri ilikuwa zaidi ya mara mbili ya mchango wetu wote. Tukaazima ya taya tatu, ya kufanyia chuma. Tulifunga kipande cha mparachichi. Ule ulimi, yaani kile kisigino kinachobanwa na taya, tuliufanya mfupi na wa mviringo, tena ukagusa chini kabisa ya chaki. Mwendo ulikuwa mkubwa. Kipande kiliruka na kumpasua mwenzetu juu ya jicho. Alishonwa, jicho liko salama, Mungu asifiwe. Lakini tusidanganyane: kosa halikuwa la mashini. Lilikuwa letu. Hatukujua nani anashika bakuli.

Tukakaa chini tukajifunza. Wewe unayetaka kuanza, shika haya.

Kabla ya bei, pima shafti yako. Kuna za inchi 1 zenye nyuzi 8 kwa kila inchi, kuna za milimita 33 zenye hatua ya milimita 3.5, na nyingine tofauti. Chaki nzuri ambayo haiingii kwenye shafti yako ni chuma cha kuuza kwa kilo. Angalia na uzito pia. Mashini ndogo haipendi chaki kubwa.

Ulimi uwe karibu theluthi moja ya upana wa bakuli. Bakuli la sentimita 20, ulimi wa sentimita 6 au 7. Bega lake likae bapa juu ya taya, na ncha yake isiguse chini. Taya zinashika vizuri zaidi zikiwa karibu na kufunga, maana hapo ndipo zinakaribia duara kamili. Ukizifungua sana zinauma kwa pembe tu. Ukichagua kupanua taya ndani ya shimo badala ya kubana ulimi, acha mti mnene kuzunguka shimo, la sivyo utapasuka.

Kipande cha sentimita 25 ambacho bado hakijawa duara, anzia mizunguko chini ya 500 kwa dakika. Usisimame mbele yake unapowasha. Vaa kinga ya uso, si miwani ya jua.

Na kama pesa haitoshi, anza na bamba. Hiyo ndiyo tuliyofanya. Fundi mmoja wa vyuma mjini Mbarara alitukatia nyuzi kulingana na shafti yetu, akalisawazisha bamba likizunguka. Tunagundisha kipande cha mti usio na kazi kwenye kitako cha bakuli, mti wote ukiwa mkavu, kisha skurubu (wenzetu wa Kongo husema visi) zinaingia kwenye kile kipande, si kwenye bakuli. Tunatumia skurubu nene za mbao. Zile nyembamba nyeusi zinakatika kichwa. Ni kazi ya polepole, kila bakuli linataka gundi yake na siku yake ya kukauka. Lakini linashika.

Basi hesabu. Tulichanga shilingi 380,000. Bamba 70,000. Patasi mbili za mtumba 160,000. Kinga ya uso na miwani 50,000. Imebaki 100,000, na daftari liko kwa mtunza hazina, yeyote aje aone. Wengine mlisema tumevunja ahadi kwa kutonunua chaki. Kweli tulitangaza chaki, na tulipaswa kuwaambia mapema kwamba tumebadilisha. Hapo tunaomba radhi. Uamuzi wenyewe hatuuombei radhi.

Bakuli la kwanza lililotoka salama ni la mgrevilea. Lina alama ya patasi ndani na ukingo mmoja ni mnene kuliko mwingine. Alilikereza yule mwenzetu aliyeshonwa. Alikuwa amesema hatagusa mashini tena, akaja mwenyewe siku moja, akajaribu bamba kwa mkono, akalitikisa mara tatu kabla ya kuwasha. Mama yake, kule Kabazana, anaweka ndani yake karanga.

Tukiuza ya kutosha tutaongeza juu ya ile laki moja na kununua taya nne. Kabla ya hapo tutawauliza nyinyi kwanza. Na kama mzee wako nyumbani aliwahi kuchonga kinu, mwiko au icyansi, tuletee alivyokuwa anakishika. Hiyo historia haiko kwenye simu.