Habari ya Mashine Yetu ya Kubaindi



Kamati imeniomba niandike historia ya kikundi chetu kwa kutimiza miaka kumi. Mimi nimesoma mpaka darasa la nane tu, kwa hivyo mtanisamehe kalamu ikiteleza. Mambo ya hisa na mikopo katibu ameyaeleza vizuri. Mimi nitaandika juu ya kitu kimoja, mashine ya kubaindi vitabu, maanake nusura ituvunje.

Tulianza mwaka 2015 hapa Likoni, wanawake 15, kila mmoja shilingi 200 kwa wiki. Wauza mahamri, wauza samaki, washonaji. Mambo yakaenda vizuri mpaka Machi 2020. Tarehe 15 serikali ilitangaza shule zifungwe kwa ajili ya korona. Tarehe 27 kafyu ikaanza, saa moja jioni kila mtu ndani. Mwezi wa Aprili hata kutoka Mombasa ikawa marufuku. Wateja walipotea, na watoto wakawa nyumbani mchana kutwa.

Masomo yalikuwa redioni na kwenye televisheni, lakini nyumba nyingi zetu mtoto asikiza huku mama akaanga na mdogo analia. Binti ya mwenzetu mmoja, mwalimu aliyekosa mshahara wakati ule, akaanza kutuandikia masomo na maswali, kila wiki karatasi mpya. Jamani, karatasi zile! Ukurasa wa 7 uko, wa 8 umefungiwa mahamri, wa 9 umepeperushwa na upepo. Kubaindi mpaka uvuke feri uende mjini, na kila kitabu ulipe.

Kwenye mkutano nikasema tununue mashine yetu. Mweka hazina akakataa. Alisema, "Mwenyekiti, watu hawana unga, wewe wataka mashine?" Tulibishana mpaka kafyu ikatukaribia. Mwisho kura zikapita, tukakubaliana tutafute ya bei nafuu.

Hapa ndipo nilipokosea, na nataka iandikwe. Nilikwenda mjini peke yangu. Nikaona mashine ya kufunga kwa waya, kitabu chatoka kizuri kama kalenda ya ukutani. Nikaweka arubuni ya shilingi 2,000 za kikundi bila kuuliza mtu. Nilipomwonyesha yule mwalimu kitabu cha mfano, aliniuliza swali moja tu: "Mama, karatasi za wiki ijayo nitaziingiza vipi?" Kumbe waya ukishabanwa haufunguki tena vizuri. Ukitaka kuongeza karatasi, wakata waya na kutia mwingine. Nikarudi dukani, mwenye duka akasema arubuni hairudi.

Nilinyamaza wiki mbili. Silali. Mkutano wa tatu nikasimama nikasema yote. Wengine walinuna, mmoja akataka nitoke kwenye uenyekiti, na haki alikuwa nayo. Mweka hazina, yule yule niliyebishana naye, ndiye aliyesema nilipe zile pesa kidogo kidogo na kazi iendelee. Nililipa kwa miezi mitano. Kutoka siku ile tuna sheria: pesa ya kikundi haitoki mkononi mwa mtu mmoja, na kila kununua huenda wawili.

Basi tukaenda wawili, na karatasi zetu wenyewe mkononi. Tuliona mashine za aina tatu. Kuna ya waya. Kuna ya springi inayozungushwa tundu kwa tundu, ambayo ncha zake lazima zikunjwe kwa koleo. Na kuna ya pete za plastiki zilizo kama kitana, ambayo wengi wetu huiita spairo ingawa si springi. Hii ya kitana karatasi ya A4 hutobolewa matundu 21, na pete hufunguliwa tena ukaongeza karatasi. Mtoto akimaliza somo, pete ile ile yafunga kitabu kingine.

Mweka hazina hakuuliza bei ya mashine kwanza. Aliuliza bei ya pete, na kama maduka mengine wanaziuza. Halafu akajaribu. Kwenye boksi imeandikwa yatoboa karatasi 12 kwa mara moja, lakini zetu zilitoboka safi zikiwa 8. Ya mkono, haitaki stima. Tukailipia shilingi 7,500.

Ilikaa sebuleni kwangu. Pete ya milimita 6 yatosha karatasi 20 hivi, ya milimita 10 zapata 60. Mwalimu tulimwambia aache nafasi ya vidole viwili upande wa kushoto, maanake mwanzo matundu yalikula herufi. Jalada ni karatasi ya manila.

Tarehe 12 Oktoba 2020 gredi ya 4, darasa la 8 na kidato cha 4 walirudi shule. Wengine walingoja mpaka tarehe 4 Januari 2021. Watoto wetu wanne walifanya KCPE Machi 2021, kila mmoja na vitabu vyake havijakosa ukurasa. Leo mashine yafunga kazi za wanafunzi wa chuo na ratiba za harusi, na pesa yaingia kwenye mfuko. Mpini ulivunjika mara moja, fundi wa kuchomelea akautengeneza.

Kwa mama anayetaka kununua ya nyumbani nasema: ulizia pete kwanza, nenda na karatasi zako, na usiende peke yako.

Haba na haba hujaza kibaba.

Mwenyekiti wenu