Nyiragongo Vitabuni

Mwaka 1951 kilitoka Ufaransa kitabu kilichowafikishia wasomaji wa Ulaya habari za Kivu, mashariki ya Kongo. Jina lake *Cratères en feu*, na mwandishi alikuwa Haroun Tazieff, mwanajiolojia aliyezaliwa Warsaw mwaka 1914 na kukulia Ubelgiji. Mwaka 1948 alikuwa akifanya kazi katika koloni la Kongo, akatumwa kuutazama mlipuko wa Kituro, kwenye ubavu wa mlima Nyamulagira, kaskazini-magharibi ya Goma. Alifika huko akiwa mtaalamu wa mawe na madini. Alipoondoka, volkano zilikuwa zimeshakuwa kazi ya maisha yake.

Mzungu mwingine alikuwa ameshaandika habari za milima hii. Mwezi wa Juni 1894 ofisa Mjerumani, Gustav Adolf von Götzen, alipanda Nyiragongo, volkano iliyo jirani na Nyamulagira, akiwa katika safari ya kuikata Afrika kutoka mashariki kwenda magharibi, na mwaka uliofuata akachapisha kitabu cha safari hiyo. Kwake Nyiragongo ulikuwa kituo kimoja cha safari ndefu. Kwa Tazieff ulikuwa swali: ndani ya mlima huu mna nini, na kwa nini moto wake hauzimiki?

Ziwa la lava ndani ya kreta lilikuwa likiwaka tangu mwaka 1928. Tazieff alitaka kulifikia, lakini wakuu wa Hifadhi ya Albert, inayoitwa leo Virunga, walimzuia kwa miaka mingi. Ndiyo maana alipokuja kuipa jina filamu yake aliuita mlima huo volkano iliyokatazwa. Hatimaye, mwaka 1959, yeye na wenzake waliteremka ndani ya kreta hadi karibu na ziwa lenyewe, wakachukua sampuli za gesi zake. Filamu ya *Le Volcan interdit*, iliyotoka mwaka 1966, ilifika hadi kwenye orodha ya kuwania tuzo ya Oscar. Mwaka 1975 kikafuata kitabu kizima juu ya Nyiragongo.

Vitabu hivyo vilipendwa kwa sababu vilifundisha fizikia na kemia bila kumchosha msomaji. Msomaji wa Lyon au Brussels aliyaelewa mambo mazito akiwa amekaa kwake: kwamba lava ya Nyiragongo ina silika kidogo mno, na kwa hiyo ni nyepesi kutiririka kuliko lava za volkano nyingi duniani, kwamba ziwa likijaa na kupanda juu ndani ya kreta, uzito wake husukuma kuta za mlima, na kwamba ukuta ukipasuka, kilichomo humwagika.

Miaka miwili baada ya kitabu cha 1975, ukuta ulipasuka. Tarehe 10 Januari 1977 nyufa zilifunguka ubavuni mwa Nyiragongo, na ziwa lote likamwagika kwa muda usiofika saa moja. Kwenye miteremko mikali lava ilikwenda kwa kasi iliyokadiriwa kufika kilomita 60 kwa saa. Mtu hawezi kuikimbia kasi hiyo kwa miguu. Vijiji vya chini ya mlima viliteketea pamoja na watu wake, na hesabu ya waliokufa haijawahi kukubaliwa na wote.

Kituo cha Goma cha kuchunguza volkano, OVG, kilianzishwa mwaka 1986. Wanasayansi Wakongomani walifanya kazi humo kwa vifaa vichache, katikati ya vita. Mmoja wao, Dieudonné Wafula, alikuwa ameshatoa onyo kabla ya tarehe 17 Januari 2002, siku lava ilipoingia katikati ya mji wa Goma. Ilifunika sehemu ya uwanja wa ndege, ikabomoa kanisa kuu la Mtakatifu Yosefu, ikaingia Ziwa Kivu. Watu wapatao 120,000 walibaki bila nyumba.

Tangu hapo elimu ya volkano ikaanza kushuka mitaani. Rangi nne za tahadhari, kijani, njano, machungwa na nyekundu, ziliwekwa hadharani ili mpita njia ajue hali ya mlima. Mwezi wa Februari mwaka huohuo Radio Okapi ilianza kutangaza, na Kiswahili kikiwa miongoni mwa lugha zake. Mama muuzaji wa sokoni, aliyekuwa hajapata kukiona kitabu cha Tazieff, sasa aliweza kusikia habari za mlima wake kwa lugha anayouzia samaki.

Hata hivyo, tarehe 22 Mei 2021 mlima ulifunguka tena bila onyo rasmi. Watu zaidi ya 30 walikufa, na nyumba nyingi za Buhene, karibu na Goma, zikafunikwa. Siku tano baadaye sehemu kubwa ya mji iliamriwa kuhama, na familia zikajaza barabara za kwenda Sake na Rwanda huku uvumi ukikimbia kuliko habari za kweli. Wengi waliuliza kama gesi iliyomo chini ya maji ya Ziwa Kivu ingelipuka. Swali hilo linaweza kujibiwa kwa kurasa chache zilizoandikwa vizuri: gesi iko wapi, nini kinaishikilia chini, na nini kinaweza kuitoa.

Kurasa hizo ziandikwe, na ziandikwe kwa Kiswahili. Wataalamu wa OVG wanayo maarifa, Chuo Kikuu cha Goma kina walimu, na shule za Majengo na Munigi zina wasomaji. Nyiragongo umewafundisha Wazungu sayansi kwa zaidi ya miaka 70 kupitia vitabu. Mtoto anayelala chini yake ana haki ya kwanza ya kurasa hizo.