Kutoka Mada hadi Swali: Masimulizi ya Tippu Tip Mikononi mwa Mwanafunzi wa Vulamba

Makala haya yanahusu hatua ya kwanza ya insha ya fasihi, yaani kuteua swali. Mwanafunzi wa Butembo au Beni, anayesoma kwa Kifaransa na kuzungumza Kinande na Kiswahili, huvutiwa kwa urahisi na mada kama "Fasihi ya Kiswahili nchini Kongo". Hiyo ni mada, bado si swali. Haina dai linaloweza kuthibitishwa wala kukanushwa, na mara nyingi huzaa orodha ya majina na tarehe.

Tuchukue matini moja tu. Hamed bin Muhammed el Murjebi, maarufu kwa jina la Tippu Tip, mfanyabiashara wa pembe na watumwa, alikubali mwaka 1887 kuwa liwali wa Stanley Falls, Kisangani ya leo, kwa niaba ya Leopold II. Baadaye, akiwa amerejea Unguja, aliandika maisha yake kwa Kiswahili. Heinrich Brode aliyachapisha masimulizi hayo mwaka 1902 na 1903 pamoja na tafsiri ya Kijerumani. Hamed alifariki mwaka 1905. W. H. Whiteley aliyatoa tena kwa Kiswahili na Kiingereza mwaka 1958 na 1959, na François Bontinck akayatafsiri kwa Kifaransa mwaka 1974.

Historia hiyo ya uchapishaji yenyewe inaliwekea swali mipaka. Aliye na tafsiri ya Bontinck peke yake anaweza kuchunguza mpangilio wa matukio. Hawezi kuhukumu mtindo wa Kiswahili cha Hamed.

Ndani ya matini, tuteue kisa kimoja. Hamed anasimulia jinsi alivyopata utawala wa Utetera kwa kudai mbele ya mtemi Kasongo Rushie kwamba yeye ni mjukuu wa mwanamke wa ukoo huo aliyetekwa zamani. Hapa swali linajitokeza: je, msimulizi anakileta kisa cha udugu kama ukweli, kama hila, au anamwachia msomaji aamue? Kurasa chache zinatosha kulijibu. Mtafiti atatazama nani anasema, vitenzi gani vinabeba dai, na udugu unatajwa tena wapi baada ya utawala kupatikana. Aidha, matini inaweza kumpinga. Hiyo ndiyo alama ya swali zima.

Faida yake haiishii darasani. Kiswahili kiliingia mashariki ya Kongo pamoja na misafara ya biashara, kisha kikatumiwa na majeshi, misheni na utawala. Swali pana humgeuza Hamed kuwa shahidi wa yote yaliyowapata watu wa nchi hizo, wakiwamo Wanande, ambao kitabu hakikuandikwa kwa ajili ya kuwaeleza. Swali finyu humrudisha mahali pake: mtu mmoja anayejieleza na kujitetea. Nayo masimulizi ya wazee wa Vulamba hubaki na haki ya kukusanywa na kupimwa kwa maswali yake yenyewe.

Hivyo basi, kabla ya kushika kalamu, mwanafunzi hana budi kujua mambo mawili: ni kurasa zipi zitakazomjibu, na ni kitu gani ndani yake kingeonyesha kuwa amekosea.