Karani wa Mapendekezo, Si Mhariri

Imenifikia orodha ya istilahi za blokucheni iliyoandaliwa na kamati nisiyokusudia kuitaja. Mengi yaliyomo ni mema. Lakini kwa yule anayepokea na kusimamia mapendekezo ya viwango vya kiufundi katika mitandao kama Bitcoin na Ethereum, wameandika "mhariri wa mapendekezo". Wamempa mtu huyo mamlaka asiyokuwa nayo, wakamnyima jina ambalo bahari yetu imelijua kwa karne nyingi: karani.

Tuanze na mzizi, maana watetezi wa "mhariri" hukimbilia huko. Kitenzi hariri kimetoka katika Kiarabu harrara, chenye maana ya kuacha huru na pia ya kuandika kwa usahihi. Mzizi huohuo umetuzalia huru, uhuru na huria. Mtaalamu mmoja alisimama mbele ya hadhira akadai kwamba, kwa kuwa programu hizi ni za chanzo huria, basi mhariri na huria ni ndugu wa tumbo moja na ubishi umekwisha. Haujaisha. Undugu wa mizizi haumpi mtu kazi. Neno hupimwa kwa matumizi, na kwa msomaji wa Kiswahili mhariri ni yule wa chumba cha habari: huchagua ya kuchapishwa, hukata aya, hubadili kichwa cha habari, na makala isiyomridhisha huiweka kando. Mhariri ana kura ya turufu.

Anayesimamia mapendekezo hana kura hiyo. Waraka wa kwanza wa Ethereum, EIP-1 wa mwaka 2015, unasema wazi kwamba watu hawa hawatoi hukumu juu ya pendekezo. Huisoma rasimu waone kama ina mantiki kiufundi, hata kama haielekei kukubalika. Hutazama kama kichwa kinalingana na yaliyomo, kama lugha na muundo viko sawa. Huipa namba na kuiingiza ghalani. Yenye kasoro humrudishia mwandishi pamoja na maelezo. Kutoka hapo huenda kwenye mapitio, kisha wito wa mwisho, ambao kwa kawaida ni siku 14, mpaka ikamilike; ikilala miezi 6 bila kuguswa hutiwa alama ya kudumaa. Kuitumia au kuiacha ni juu ya waandishi wa programu na wanaoendesha mashine za mtandao. Aprili 2018 pendekezo namba 999, lililotaka kufungua fedha zilizoganda katika pochi za kidijitali za Parity tangu Novemba 2017, lilipata namba kama mengine yote. Watu wakalipinga vikali, na halikutekelezwa kamwe. Namba haikuwa kibali.

Jina baya lina gharama. Februari 2018 Yoichi Hirai, aliyekuwa mmoja wa wasimamizi hao, alijiuzulu kwa sababu ya pendekezo namba 867, lililohusu utaratibu wa kurejesha fedha zilizopotea. Alihofu kwamba kulipitisha, hata kama rasimu tu, kungemweka matatani na sheria za Japani. Mtu akiitwa mhariri, dunia humhesabia yaliyoandikwa na wengine. Na sisi tunataka kuuleta mkanganyiko huo katika Kiswahili wakati hatukulazimika!

Watu wa mitandao hiyo wenyewe jina la mhariri wamelirithi. Bitcoin ilipopata waraka wake wa kwanza wa utaratibu mwaka 2011, kwa kalamu ya Amir Taaki, ilifuata mtindo wa mapendekezo ya lugha ya programu ya Python. Na nyuma ya hiyo kuna nyaraka za intaneti zilizoanza mwaka 1969, ambazo Jon Postel alizihariri kwa miaka mingi hadi alipofariki mwaka 1998. Postel alikuwa mhariri kwelikweli. Kazi ikabadilika, jina likabaki. Mfasiri aliyefasiri jina bila kuitazama kazi amefanya nusu ya wajibu wake.

Sasa karani. Neno hili tumelipata kutoka Bara Hindi, ambako karani na kirani ni mwandishi wa ofisini, na wapo wanaolifikisha hadi karana ya Kisanskriti. Lakini ukoo wake ulio karibu nasi ni wa baharini. Ibn Battuta alifika Kilwa mwaka 1331, kusini ya delta ya Rufiji, na kutoka hapo akasafiri hadi Dhufari, katika Oman ya leo. Anaeleza kwamba huko, chombo kilipowasili, watumwa wa sultani walikwenda kukilaki na mavazi ya watu watatu: mwenye chombo au wakili wake, rubani na kirani, ambaye ndiye mwandishi wa chombo. Mwishoni mwa karne ya 16 Abul Fazl, alipoorodhesha mabaharia katika kitabu chake kuhusu utawala wa mfalme Akbar wa Bara Hindi, anamtaja tena: hutunza hesabu za chombo na kuwagawia abiria maji. Hakumiliki shehena wala hakuchagua bandari, lakini bila daftari lake hakuna aliyeweza kudai mzigo wake. Hiyo ndiyo kazi tunayoitafutia jina.

Wala neno halijafa. Msimu wa korosho hapa Kibiti, simama mlangoni mwa ghala la chama cha msingi. Mkulima anashusha magunia. Karani anayaweka kwenye mizani, anaandika jina, kilo na daraja, kisha anamkabidhi mkulima stakabadhi yake. Gunia lililochanganywa na mchanga linarudi kwa mwenyewe akalichambue. Bei hapangi karani, hupangwa mnadani. Siku nilipowaeleza vijana wangu wa darasa la kompyuta kazi hii kwa mfano huo, wale waliotoka Nyamisati na Salale walielewa kabla sijamaliza sentensi. Kamati ileile imekubali kuita "ghala" mahali mapendekezo yanapohifadhiwa. Ghala wamelichukua, karani wake wamemwacha nje.

Nililipeleka neno hili kwao kwa maandishi. Nilijibiwa mstari mmoja: karani "halina hadhi ya kitaaluma". Jibu hilo limeniuma, nami sioni sababu ya kulificha. Hadhi ipi? Agosti 2022 nchi nzima iliwafungulia milango makarani wa sensa, waliofika hata vijiji vya delta ya Rufiji visivyofikika ila kwa boti, nao waliandika walichoambiwa na kaya bila kuihukumu. Uaminifu wa namna hiyo ndio hadhi yenyewe. Waliotaka "mratibu" wameleta neno linalobeba kila kazi ya mradi na kwa hiyo halibainishi hata moja. Waliotaka "msajili" wana hoja nzuri zaidi, kwani sijili ni neno la kale lenye asili ya muhuri wa Kirumi. Ila Msajili kwetu hufuta vyama, na huyu hafuti kitu. Kwamba karani husahihisha pia tahajia, ni kweli, na makarani wamefanya hivyo siku zote.

Matumizi ni mepesi: karani wa mapendekezo, makarani wa mapendekezo, ukarani, "karani ameipa rasimu namba", "Aprili 2024 Bitcoin iliongeza makarani watano". Ndivyo nitakavyofundisha Kibiti, na ndivyo nitakavyoandika, hata kamati ikichapa orodha yake mara ya pili bila kubadili neno.