Santuri ya Burundi: Yaliyofunikwa na Ngoma

Santuri iitwayo Musique du Burundi ilitolewa Ufaransa mwaka 1968 na Ocora, lebo ya redio ya nchi hiyo. Sauti zake zilirekodiwa Burundi mwaka 1967 na Michel Vuylsteke. Ni santuri mashuhuri ambayo wengi wameisikia nusu tu, kwa sababu kishindo cha ngoma kiliwavuta mno hata yaliyobaki yakasahauliwa.

Ngoma hizo huchongwa kwa gogo la mti wa umuvugangoma na kuwambwa ngozi ya ng'ombe. Inkiranya huwa katikati na kuongoza, amashakwe hushika mdundo usiobadilika, na ibishikizo huifuata inkiranya. Zilikuwa za mwami, yaani mfalme, zikipigwa katika sherehe zake, hasa umuganuro, sikukuu ya kupanda mtama. Lakini tarehe 28 Novemba 1966 Waziri Mkuu Michel Micombero aliufuta ufalme. Kwa hiyo kinasa sauti kiliwakuta wapigaji wakiwa wamempoteza mwenye ngoma muda mfupi tu kabla, na santuri hii inastahili kuthaminiwa kwa hilo peke yake.

Ulaya na Marekani waliichukua midundo hiyo bila kuuliza habari zake. Mwaka 1971 ilichanganywa na gitaa na piano katika Burundi Black, wimbo uliotoka kwa jina la Burundi Steiphenson Black. Mwaka 1975 Joni Mitchell aliitumia katika The Jungle Line, na ilipofika mwaka 1980 Adam and the Ants na Bow Wow Wow walikuwa wakijenga nyimbo zao kwa mtindo huohuo. Wapigaji wenyewe walibaki bila majina masikioni mwa wasikilizaji.

Ukiacha ngoma, uzuri mkubwa wa santuri hii uko katika sauti ndogo. Kwanza ni inanga, ubao mpana uliochimbwa kama sinia refu, wenye uzi mmoja unaopitishwa mara nyingi kutoka ncha hadi ncha. Mpigaji huketi na kunong'ona maneno badala ya kuyaimba. Mnong'ono hauna noti, lakini vidole vinapogusa nyuzi pamoja na kila neno, sikio hupokea noti ya inanga kana kwamba inatoka kinywani mwa mwimbaji. Ni ufundi mgumu, na anayeusikia mara ya kwanza huenda asijue sauti inaishia wapi na nyuzi zinaanzia wapi.

Kisha kuna akazehe, salamu ndefu ya wanawake ambayo sauti mbili hupokezana haraka sana, na ubuhuha, ambapo mwanamke hupuliza ndani ya viganja vilivyokunjwa. Umuduri, upinde wenye kibuyu, na iningidi, zeze la uzi mmoja, vina sehemu zao pia.

Ikembe, kisanduku chenye vijiti vya chuma vinavyobonyezwa kwa vidole gumba, kina historia nyingine. Kilitoka magharibi: kuanzia mwishoni mwa karne ya 19 wapagazi na vibarua walikisambaza kutoka Kongo ya chini kuelekea mashariki. Hapa ndipo mwambao wa Ziwa Tanganyika unapoingia. Rumonge, mji ulio kilomita zipatazo 70 kusini mwa Bujumbura, unatazamana na milima ya Kongo ng'ambo ya ziwa. Wafanyabiashara kutoka Ujiji waliufikia mwambao huo na kuacha Uislamu na Kiswahili, na mji umeendelea kuishi kwa dagaa, mukeke na mawese. Ziwa lilikuwa njia ya bidhaa, lugha na muziki.

Kiswahili cha mwambao huo kilipata santuri zake baadaye kupitia Khadja Nin, aliyezaliwa Bujumbura mwaka 1959. Albamu yake Sambolera ya mwaka 1996, iliyoimbwa zaidi kwa Kiswahili, iliwafikia wasikilizaji wengi wa Ulaya, na safari hii mwimbaji alijulikana kwa jina lake.