Panya Wanapokufa Kwanza

Tauni iliingia Lushoto Aprili 1980, na haikuwa na haraka ya kuondoka. Kwa zaidi ya miaka ishirini ilizunguka katika vijiji vya Usambara Magharibi, ikinyamaza msimu huu na kuibuka msimu ujao, mpaka watu zaidi ya 7,000 wakawa wameugua na mamia wamezikwa. Shume ilikuwa miongoni mwa sehemu zilizoonja machungu hayo mara nyingi. Ni nchi ya baridi na ukungu, nchi ya viazi, kabichi, karoti na mapeasi, yenye msitu ambao Wajerumani waliupasua mbao na kuziteremsha kwa waya mpaka Mkumbara, kwenye reli ya Tanga. Mgeni akipita huko leo haoni cha kumtia hofu.

Nasimulia habari hii wakati huu kwa sababu wafugaji wa kuku wa Afrika Mashariki wanaambiwa wajihadhari na mafua ya ndege, na wengi wanadhani ni jambo jipya, la wenye mabanda makubwa ya mjini. Shume ilikwisha kulipia somo la ugonjwa unaotoka kwa mnyama kwenda kwa mtu, ingawa aliyeuleta hakuwa kuku.

Bakteria wa tauni huishi kwa panya, na husafirishwa na viroboto. Panya akifa, mwili wake unapoa, na viroboto wanauhama kutafuta damu nyingine ya moto. Aliye karibu ndiye anayepatikana. Baada ya siku chache mtu huyo anashikwa na homa kali, na kinenani au kwapani anaota mtoki unaouma kiasi kwamba hata kutembea ni shida. Akichelewa kutibiwa, bakteria huingia kwenye damu au mapafu. Tauni ikifika mapafuni, kikohozi cha mgonjwa pekee kinatosha kumwambukiza anayemuuguza.

Wengi waliougua Lushoto walikuwa wanawake na watoto. Sababu yake iko ndani ya nyumba. Mavuno ya mahindi yalipandishwa darini, juu ya moto wa jikoni, moshi uyakaushe na kufukuza wadudu. Ni hekima ya zamani, na kwa nchi yenye ukungu wa miezi mingi sioni lipi lingekuwa bora. Lakini ghala likiwa darini, panya naye anahamia darini. Chini yake, kwenye sakafu ya udongo, ndipo watoto walipolazwa, juu ya mkeka au majani, na mara nyingi mbuzi na kuku walilala chini ya paa hilohilo. Mama ndiye aliyepanda kuteremsha mahindi, akafagia, akapika. Mwanamume mwenye kitanda alikuwa mbali kidogo na kiroboto kuliko mwanawe aliye sakafuni, na umbali huo mdogo ulikuwa na maana kubwa.

Tauni si ngeni katika nchi hii. Mwaka 1894 Alexandre Yersin alimgundua bakteria wake Hong Kong. Miaka mitatu baadaye habari zilimfikia Robert Koch, aliyekuwa akifanya kazi katika koloni la Kijerumani, kwamba kuna ugonjwa wa mitoki unaoua watu Kiziba, magharibi mwa Ziwa Viktoria. Vipimo vilithibitisha kuwa ni tauni, na taarifa za huko zilitaja kwamba panya walikuwa wakifa pia. Mwaka 1898 Paul-Louis Simond akaonyesha, kwa majaribio yake Karachi, kwamba kiroboto ndiye daraja kati ya panya na mtu. Kwa hiyo ugonjwa ulipofika Lushoto mwaka 1980, sayansi ilikuwa inaujua tangu enzi za babu zetu. Dawa zake, kama streptomisini na tetrasaiklini, zilikuwepo pia.

Basi kwa nini watu walikufa? Waandishi wengi hukimbilia kutaja imani za uchawi na waganga wa kienyeji, na ni kweli kwamba wapo wagonjwa waliopitia huko kwanza. Lakini mimi siwezi kumlaumu mkulima ambaye jirani zake wanakufa huku kijiji cha ng'ambo ya bonde kikiwa salama, akauliza ni nani aliyewatumia balaa. Hata watafiti waliumizwa kichwa na jambo hilohilo: kwa nini kijiji hiki kila mara, na kile hapana? Profesa B. S. Kilonzo na wenzake waliifuatilia tauni hii kwa miaka mingi, na Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, Morogoro, pamoja na wataalamu kutoka Antwerp, Ubelgiji, waliendelea kutega panya, kuhesabu viroboto na kupima miteremko. Jibu moja lililokamilika halikupatikana. Mlima, msitu, mashamba, aina za viroboto na desturi za nyumbani vyote vilikuwa na sehemu yake.

Jambo moja lilikuwa wazi, na linastahili kukumbukwa na kila mfugaji. Katika mlipuko wa tauni, anayeanza kwa kuua panya anaweza kuongeza wagonjwa. Kila panya anayeanguka anawaachia viroboto wake huru ndani ya nyumba. Hivyo dawa ya unga hunyunyizwa kwanza kwenye sakafu, pembeni mwa kuta na kwenye mashimo, viroboto wafe. Mitego na sumu hufuata. Waliomhudumia mgonjwa hupewa dawa ya kinga. Halafu inakuja kazi ya miaka: kuhamisha ghala nje ya nyumba, kuinua kitanda cha mtoto, kufyeka vichaka vinavyogusa ukuta. Hakuna hata moja linalohitaji mtambo. Ila kitanda kinahitaji fedha, na ghala linahitaji mbao na mlango wenye kufuli, kwa hiyo familia maskini ndiyo iliyochelewa.

Ishara ya mapema kuliko zote haikutoka hospitali. Ni panya waliokutwa wamekufa ndani bila kutegewa. Kaya iliyopeleka habari hiyo zahanati siku hiyohiyo iliwapa majirani zake siku kadhaa za kujiokoa. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 wagonjwa walipungua, kisha wakakoma.

Wakati tauni inatulia Usambara, ugonjwa mwingine ulikuwa njiani. Virusi vya mafua ya ndege aina ya H5N1 viliwapata watu 18 Hong Kong mwaka 1997, sita wakafa, na jiji likachinja kuku wake wote. Februari 2006 vilithibitishwa Nigeria, kwenye shamba la kuku jimboni Kaduna, mara ya kwanza barani Afrika. Januari 2017 ndugu yake, H5N8, alikutwa Uganda: ndege wa porini waliokufa ufukweni mwa Ziwa Viktoria karibu na Entebbe, kisha kuku na bata wa Masaka. Mwishoni mwa mwaka huo vifaranga 6,400 vilivyoingizwa kutoka Kenya bila kibali vilichomwa Namanga, serikali ya Tanzania ikitaja hofu ya mafua ya ndege. Picha za tukio hilo ziliwaumiza watu wengi, nami nikiwemo. Mwaka 2024 H5N1 iliingia kwa ng'ombe wa maziwa Marekani, na paka waliokunywa maziwa mabichi kwenye mashamba hayo wakafa.

Mfugaji wa Shume mwenye kuku kumi na ng'ombe mmoja wa bandani anafanyaje? Ugonjwa wa kuku huja na tenga linalorudi kutoka sokoni na kuku wasiouzika, kinyesi kikiwa kimeganda kwenye fito zake. Huja na viatu vya mchuuzi anayepita banda kwa banda, na trei za mayai zinazozunguka bila kusafishwa. Kuku mgeni atengwe wiki mbili. Tenga lioshwe kwa sabuni na kuanikwa juani. Bata wasichanganywe na kuku, na mchuuzi asubiri nje ya banda. Kuku anayezubaa asichinjwe haraka ili asipotee bure, kwa maana wakati wa kumnyonyoa ndipo mikono na pua ya mama zinapokuwa karibu zaidi na virusi. Maziwa yachemshwe.

Kikwazo kikubwa, kwa maoni yangu, ni mdondo. Kila mwaka ugonjwa huo hufagia kuku wa vijijini, na watu wamezoea. Kuku wakifa wote kwa wiki moja, mwenye nyumba anasema ni mdondo, anatupa mizoga kwenye korongo, na habari inaishia hapo. Mafua ya ndege yakija, kwa macho yatafanana na mdondo kabisa: kuku wamevimba kichwa, wanaharisha, wanakufa kwa makundi. Chanjo ya mdondo ya I-2, inayotengenezwa hapa nchini na kustahimili joto kuliko chanjo za zamani, hutiwa tone moja kwenye jicho kila baada ya miezi mitatu. Inaokoa kuku, na hiyo peke yake inatosha kuilipia. Lakini katika kijiji kilichochanja kuku wake wote, kuku watano wakikutwa wamekufa asubuhi hakuna atakayesema ni kawaida, na afisa mifugo wa kata atapigiwa simu kabla mzoga wa sita haujatupwa korongoni.