Koni, gololi na ekseli: historia ya habu ya kinga kwetu huku ziwani



Katika mkutano uliopita kulitoka ombi kwamba sehemu ya franga za sanduku letu inunue vipuri vya kinga, zaidi sana vya habu. Wengine walisema hayo ni mambo madogo, chama kiangalie kwanza wagonjwa na wafiwa. Kabla hatujakaa tena, tumeona ni vizuri kuandika hapa vipuri hivyo vilitoka wapi, vilipoteaje, na kwa nini mpaka leo mtu ananunua koni mpya sokoni, anafika nyumbani, haiingie.

Tuanze na kitu chenyewe. Sisi tuliokaa Tanzania tunasema habu. Wandugu waliobaki huku wanatumia neno la Kifaransa. Ni kile chuma cha katikati ya gurudumu, fasi spoku zote zinapoanzia. Ndani yake mnapita ekseli, na ekseli haizunguki, imefungwa kwenye fremu kwa nati. Kinachozunguka ni habu. Katikati ya viwili hivyo kuna gololi, zinakimbia kati ya kikombe kilichobanwa ndani ya habu na koni iliyofungwa juu ya ekseli. Koni haizunguki, kwa hiyo uzito wote unaikalia upande mmoja tu, kila siku. Njo maana koni inakulika ya kwanza. Waliobuni kitu hiki walijua hivyo, wakaifanya koni iwe ya kufunguliwa na kubadilishwa. Koni ikikaa muda mrefu imeharibika, gololi zinavunjika na kikombe nacho kinachimbika. Hapo mara nyingi ni kununua habu nzima na kufunga spoku upya.

Ufundi huu haukuja siku moja. Mwaka 1869 kule Paris fundi Jules Suriray alipata hati ya kutumia gololi ndani ya magurudumu ya kinga, na mwaka huohuo James Moore alishinda mashindano ya Paris mpaka Rouen akiwa na kinga yenye gololi hizo. Lakini gololi zilikuwa ghali, kwa sababu kuifanya kila moja iwe ya mviringo kamili na sawa na mwenzake ilikuwa kazi ngumu. Mwaka 1883 Friedrich Fischer, wa mji wa Schweinfurt huko Ujerumani, alitengeneza mashine ya kusaga gololi nyingi kwa mara moja, zote kipimo kimoja. Tangu hapo gololi ikawa kitu cha kununua kwa kipimo, bila kuuliza nani ameitengeneza.

Mwaka 1888 John Boyd Dunlop, daktari wa wanyama huko Belfast, alitengeneza mpira wa kujaza upepo. Watu wa Ulaya na Marekani wakaanza kununua kinga kwa wingi, na viwanda vikatafuta mpira kila fasi. Hapa historia ya kinga inaingia kwetu kwa mlango mbaya. Nchi yetu ilikuwa mali ya Mfalme Leopold II wa Ubelgiji, tangu 1885 mpaka 1908. Babu zetu walilazimishwa kuingia porini kuchuma mpira. Wasiofikisha kipimo walipigwa, wake zao walifungwa, wengine walikatwa mikono, wengine waliuawa. Kwa hiyo kabla Mkongomani hajapanda kinga, jasho na damu yake vilikuwa vimeshapanda.

Kinga zenyewe zilifika kwetu kwa njia mbili. Reli ya kutoka Dar es Salaam ilifika Kigoma mwaka 1914. Mwaka 1915 reli ya upande wetu iliunganisha Kabalo na mji tunaouita leo Kalemie. Kisha mwaka 1921 Waingereza na Wabelgiji walipatana kwamba Ubelgiji iwe na sehemu yake ya bandari Kigoma na Dar es Salaam. Vitu vya upande wa mashariki vilivuka ziwa, vitu vingine vilitoka magharibi, upande wa Matadi. Na pamoja na vitu vilikuja vipimo viwili, cha inchi na cha milimita.

Hapa njo penye ugonjwa wa koni isiyoingia. Kinga ya mtindo wa Kiingereza, kama Raleigh ya Nottingham, ina ekseli ya nyuma ya inchi 3/8, yaani milimita 9.5, na ya mbele inchi 5/16, karibu milimita 8. Kinga za Ufaransa zilifuata milimita, ekseli ya nyuma ikiwa 10. Kwa macho hauoni tofauti. Lakini koni ya inchi haipandi juu ya ekseli ya milimita 10, na koni ya milimita 10 inateleza juu ya ekseli ya inchi, haishiki. Ata friwili iko na hadithi hiyohiyo: ya Kifaransa ilikuwa milimita 34.7 na ya Kiingereza ni karibu 34.8. Ukiilazimisha inaanza kushika, halafu inakula nyuzi za habu, na habu imekwisha.

Spoku nazo zilitofautiana. Mwingereza alizoea spoku 32 mbele na 40 nyuma, juu ya mizigo. Watu wa bara la Ulaya walizoea 36 na 36. Habu ya matundu 40 haiwezi kufungwa kwenye ringi ya 36.

Zamani mambo hayo hayakumsumbua mnunuzi sana, kwa sababu mwenye duka alijua. Maduka mengi ya mashariki yalikuwa mikononi mwa Wagiriki na Wahindi. Uliingia na koni yako ya zamani, wakaipima, wakakupa nyingine. Halafu tarehe 30 mwezi wa 11 mwaka 1973 Rais Mobutu alitangaza kwamba biashara za wageni zipewe Wazairwa. Wazee wetu wanakumbuka walivyofurahi mwanzoni. Lakini wengi waliopewa maduka waliuza vilivyokuwemo bila kuagiza vingine, kwa sababu hawakujua vinaagizwa wapi, wala hawakuwa na franga za kigeni. Vipuri vidogo vidogo vilikwisha kabla ya vitu vikubwa. Kinga ilibaki, koni ikakosekana. Mafundi wakaanza kuishi kwa kuvunja kinga moja ili kuponya nyingine.

Kisha vita. Mwisho wa mwaka 1996 wengi wetu wa Fizi na Uvira tulivuka ziwa kwa mitumbwi, tukafika Kigoma, tukapelekwa Nyarugusu na baadaye Lugufu. Kule sheria haikuturuhusu kupita kilomita 4 kutoka kambini bila kibali. Lakini soko la kambi lilikuwa na mafundi, na kinga walizozifungua zilikuwa hasa Phoenix ya China, na Hero au Avon za India. India na China zilijenga kinga zao za mizigo kwa mfano wa zile za Kiingereza. Kwa hiyo vijana wetu waliojifunza ufundi kambini walijifunza kipimo kimoja kwa moyo: nyuma gololi 9 kila upande, za robo inchi, mbele gololi 10 kila upande, za inchi 3/16.

Mwezi wa 10 mwaka 2005 HCR ilianza kuturudisha kwa meli kutoka Kigoma mpaka Baraka. Lugufu ilifungwa mwaka 2009. Wengine tulishuka na sufuria, mabati na kinga. Tuliporudi tulikuta waliobaki wanatuangalia kama wageni, na sisi tuliwaangalia kama watu waliokalia mashamba yetu. Maneno yalikuwa mengi na mengine hayajaisha mpaka leo. Lakini chini ya mwembe wa fundi kinga watu walikaa pamoja, sababu hakuna aliyekuwa na vyote. Fundi aliyerudi alijua vipimo vya kinga mpya. Fundi aliyebaki alijua kuifufua kinga kwa vipuri vya kinga nyingine, ata kugeuza koni iliyochakaa kidogo ili uzito ukalie upande mzima. Kila mmoja alimhitaji mwenzake, na njo hivyo walivyoanza kuitana ndugu.

Leo shida imegeuka. Vipuri viko sokoni, lakini vimechanganyika. Kinga za milima zinazotoka Asia zina ekseli ya milimita 10 nyuma na 9 mbele. Kinga za mizigo bado ni za inchi. Mwuzaji anaweka zote kwenye beseni moja. Mama anayepeleka ndagala Lulimba, au kijana anayeshusha mawese Baraka, habu ikilia barabarani hana muda wa kuchagua. Ananunua inayofanana, fundi anapiga nyundo, na baada ya wiki mbili siku ya soko inapotea tena. Na huyo mwenye kinga njo tunayemwita usiku kubeba mgonjwa.

Kwa hiyo tunaona ombi lile si la mambo madogo. Tunapendekeza chama kinunue sanduku moja la vipuri vya kinga za mizigo: koni za mbele na nyuma, ekseli na nati zake, gololi za vipimo vile viwili, na kopo la grisi. Friwili na habu nzima vingoje. Mwanachama achukue, arudishe bei aliyoinunulia chama, ili sanduku lisikauke. Tena lisiwe la warudishwa peke yao. Waliobaki nao wachukue kwa bei hiyohiyo, na fundi mmoja kutoka kila upande ashike ufunguo.

Kwa wakati huu, wandugu, mambo matatu mnaweza kufanya bila franga nyingi. Mkienda sokoni, mbebe ekseli ya zamani na mjaribu koni kwa vidole. Ikikwama baada ya mizunguko miwili, iacheni. Mkibadilisha gololi, badilisheni zote za upande ule, sababu mpya iliyo kubwa kidogo itabeba uzito wa zingine zote. Na gurudumu likianza kucheza kushoto na kulia, msingoje lilie. Koni moja leo ni bei ndogo kuliko habu, spoku na siku nzima ya fundi mwezi ujao.

Mkutano ukikaa, tutaomba kila mmoja aseme kinga yake ni ya inchi au ya milimita. Tukijua hesabu hiyo, tutajua cha kununua.